Karatasi Zinatokea Huku

"Bonyeza tena, mama," alisema fundi wa kompyuta.

Karani wa ghala akabonyeza. Printa iliyokuwa kando ya kiwiko chake haikutikisika. Akabonyeza mara ya tatu, kisha ya nne kwa kidole gumba, kana kwamba vile vingine vimeshadharauliwa.

Simu ya fundi ikalia. Alikuwa mpokea wageni wa makao makuu, anacheka. "Nyie wa ghala mna nini leo? Karatasi zenu zinatokea huku! Nne, zote sawasawa. Nimpe nani?"

Fundi akafumba macho. Makao makuu yalikuwa mwendo wa saa mbili kwa gari. Nje lori lilikuwa limeshapakiwa, na mlinzi wa geti hakuwa mtu wa maneno matupu: bila hati ya kutolea mzigo, hata mkurugenzi asingepita.

Na mambo yalikuwa yameanza vizuri, ndiyo maana yalimuuma. Kampuni ilitaka programu zake zote zikae kwenye kompyuta kuu moja kule makao makuu, na watu wa matawi wazitumie kwa mbali kupitia mtandao. Kuchagua mfumo wa kuwafikishia programu hizo kulimwangukia yeye, na baada ya mchujo ilibaki miwili. Wa kijivu, ambao kwa sura haukuwa na mvuto wowote, ulimletea mtu dirisha lile tu analolihitaji. Wa buluu ulileta kompyuta nzima na mapambo yake, na kwa mtandao wa ghala, uliokuja na kuondoka bila kuaga, herufi moja ilichukua nusu dakika kuonekana. Meneja alikuwa ametamka bila kumung'unya: tawi litakaloshindwa kwenda na mfumo mpya, kazi yake itahamishiwa makao makuu. Kwa ghala lile, kazi maana yake ni mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa ameketi hapo mbele yake, mwaka wa kumi na tisa kwenye kiti kilekile.

Saa moja tu iliyopita, kwenye ule wa kijivu, karani alikuwa amepiga makofi kwa furaha. "Kumbe! Nikiandika, inaandika!"

Fundi akaifungua fomu ya tathmini. Mistari thelathini, aliitunga mwenyewe kwa wiki mbili: usalama, kasi, lugha, mpaka ukubwa wa maandishi. Kuchapisha hakukuwamo. Fomu aliiandikia ofisini kwake makao makuu, printa iko hatua mbili kutoka kwenye kiti. Tangu lini mtu wa pale akajiuliza karatasi itatokea wapi? Alijiona mjinga, tena mjinga wa kusomea.

"Kwani hukuuliza sisi huku tunachapishaje?" karani alisema, bila ukali. Afadhali angefoka.

"Sikuuliza, mama."

"Haya."

Fundi akawapigia wauzaji wa mfumo wa kijivu. Wakamwekea muziki sikioni hadi simu ikapata moto, kisha mtu akamjibu kwa upole wa kukera kwamba printa ya zamani kiasi hicho haitambuliki, watafute mpya. Karani alicheka kwa pua. Ombi la printa mpya alishaliandika mara tatu. La mwisho halikupata hata jibu la hapana.

Akavuta droo, akatoa kitabu cha hati na karatasi ya kaboni, akanakili kwa mkono yaliyokuwa kwenye skrini. Dakika tatu. Mlinzi akaitazama sahihi anayoijua kuliko yake mwenyewe, akainua kizuizi, lori likatoka.

Fomu ingeweza kubaki ilivyo, na wa kijivu ungeshinda mchana kweupe. Lakini siku ya kwanza tu malori yangekwama getini, na wa kuitwa kujieleza angekuwa mama huyu. Fundi akaongeza mstari wa thelathini na moja, wa kuchapisha: wa buluu, uliochapisha palepale ghalani, akaupa alama zote, wa kijivu sifuri. Chini yake akaomba ghala liruhusiwe kuandika hati kwa mkono mpaka printa mpya ifike.

"Yaani tulete mfumo wa kisasa ili watu warudi kwenye kalamu?" meneja aliuliza kesho yake. Nyuma yake, kwenye skrini kubwa ya chumba cha mikutano, mfumo wa buluu ulikuwa unafungua madirisha mbiombio. "Fundi, umechoka wewe. Hebu tazama unavyokimbia!"

"Bosi, hapa lazima ukimbie. Kompyuta kuu iko nyuma ya ukuta huu. Twendeni tukaujaribu ghalani."

"Kule ghalani unachapisha, hauchapishi?"

"Unachapisha, ila—"

"Ila nini tena? Sifuri umeiandika wewe, si mimi. Tunachukua wa buluu. Ghala nawapa wiki moja wauzoee."

Fundi alikusanya karatasi zake moja moja. Akatoka bila kuaga.

Jumatatu alikuwa ghalani, amepiga magoti chini ya meza ya karani, anaunganisha waya.

"Ni ule wa kijivu?" karani aliuliza kutoka kitini.

"Hapana, mama. Ni ule mwingine."

Alipoambiwa tayari, karani akavaa miwani, akaandika mstari mzima kwa kasi yake ya siku zote, bila kukosea. Skrini ikabaki nyeupe. Akaweka mikono mapajani.

"Nimeshaandika," alisema.

"Najua, mama."

Fundi akavuta kiti, akaketi kando yake. Muda ukapita. Herufi ya kwanza ikajitokeza pembeni kabisa: K.

"Inayofuata ni A," alisema karani, na wote wawili wakakaa wakiingoja.