Mapumziko ya Shimo la Pili

Kila joto linapopamba moto mjini, watu wa mjini hukumbuka ghafla kwamba wanaipenda milima. Hupanda na magari yao yaliyofungwa vioo, hushuka uani wakinyoosha mikono, huvuta hewa kama watu waliofukuliwa kaburini, halafu huuliza maji ya moto yako wapi. Dada Mkubwa alikuwa amewazoea. Yeye ndiye aliyewapikia, katika nyumba aliyoiacha marehemu baba yao, ambayo mdogo wake wa kiume aliigeuza nyumba ya wageni na kutundika langoni kibao cha mbao: Pumzika bila kuuchosha mlima.

Mwanzoni alikipenda kibao hicho. Hata choo alikipenda, na yeye ni mtu wa kinyaa, wa kulala na njaa kwa unywele mmoja aliouona kwenye sahani. Kilikuwa choo kisichotumia maji, chenye mashimo mawili. Moja linatumika, na kila anayemaliza haja analimwagia kopo la majivu. Likijaa linafunikwa, linaachwa lipumzike mwaka mzima mpaka kilichomo kigeuke udongo mweusi usio na harufu, ndipo uende bustanini. Mdogo wake aliwahadithia wageni habari hizo kwa madaha, nao walikwenda kupiga picha na choo. Hilo nalo Dada Mkubwa alilimeza, kwa sababu biashara ni biashara.

Lakini mwaka huu joto la mjini lilikuwa halisemeki, na wageni wakafurika. Mdogo wake hakumkataa hata mmoja. Alitandika vitanda sebuleni, akasimamisha mahema uani, na asubuhi choo kikawa na foleni ya watu wenye mataulo shingoni wakitabasamiana kwa shida. Shimo la kwanza likajaa. La pili, lililopaswa kupumzika, likafunguliwa, nalo likajaa. Dada Mkubwa alipouliza sasa itakuwaje, aliambiwa, "Hilo niachie mimi." Akamwachia, maana jikoni kwenyewe alikuwa hana pa kuvutia pumzi.

Asubuhi moja alikwenda bustanini kuchuma saladi ya mchana. Majani yalikuwa yamenona vibaya sana, mapana, ya kijani cha kung'aa. Aling'oa mche mmoja, mzizi ukaja na kitu kimeufunga. Alikikung'uta, akakikunjua kwa ncha za vidole. Ilikuwa tishu, zile nzito zenye unyevunyevu, ya rangi ya waridi, na bado ilinukia manukato. Chini ya manukato ilinuka kile ilichofuta.

Mgeni mmoja tu ndiye mwenye tishu za namna hiyo, mama wa makamo wa chumba cha pili ambaye jikoni walimbandika jina la Bi Waridi. Aliombwa asizitupe chooni, akaitikia kwa adabu zote, akazitupa chooni. Na Bi Waridi aliwasili Jumamosi iliyopita tu. Kwa hiyo uchafu uliomwagwa kwenye matuta haya haukupumzika mwaka. Haukupumzika hata wiki.

Dada Mkubwa alishikilia uzio akatapika. Alikumbuka saladi aliyokula jana akiwa amesimama, akaisifu, akalamba na siki iliyobaki vidoleni. Alitapika tena kwa ajili ya vidole. Halafu akamkumbuka Mama, na matapishi yakakatika.

Mama yao ndiye aliyekuwa kibao cha pili cha nyumba hiyo. Kila mchana aliketishwa kichwani mwa meza, kitambaa cheupe kichwani, na kabla mgeni yeyote hajagusa chakula mdogo wake huchukua jani la kwanza, akalichovya kwenye mafuta na chumvi, akamlisha. "Mama yangu hajawahi kulazwa hospitali," husema. "Siri yake ni bustani hii." Wageni hupiga makofi. Tangu Jumatano Mama alikuwa anaharisha, macho yameingia ndani, akienda chooni anashika ukuta. Wageni wawili watatu nao matumbo yaliwachafuka, wakaambiwa ni mwili unatoa sumu za mjini. Waliamini, na mmoja akashukuru.

Alimkuta mdogo wake jikoni akionja supu. Akamtupia tishu juu ya meza.

"Hii nini?"

Mdogo wake aliitazama, akaenda akafunga mlango. Hapo ndipo Dada Mkubwa alipoumia, kwa sababu hakumwona hata kushtuka.

"Mashimo yamejaa, dada. Ulitaka niwafukuze watu?"

"Nilitaka usitulishe mavi."

"Punguza sauti. Ile ni mbolea. Tumekulia kwenye mavi ya ng'ombe humu humu, sijakusikia ukilalamika."

"Ng'ombe hakuwa amelala chumba cha pili."

"Basi majani yaoshe vizuri, tia siki nyingi. Kundi hili likiondoka nang'oa matuta yote, nakuapia."

"Na Mama? Unamwona alivyo?"

"Mama ni mtu mzima. Tumbo la uzeeni ndivyo lilivyo."

"Leo usimpe."

"Wanamsubiri, dada. Nikimruka wataanza kuulizana." Akafuta midomo, akatoka.

Shati lake lilikuwa jeupe, mikono inanukia sabuni ya limau. Dada Mkubwa alimwangalia akienda zake. Alimbeba huyu mgongoni, alimtawaza kwa mkono wake mwenyewe mara zisizo na idadi, na hakuwahi kumwonea kinyaa. Leo alimwonea, kuanzia kisogo mpaka visigino.

Hata hivyo damu nzito kuliko maji. Alitaka kumpa nafasi ya mwisho ya kuwa mtu. Alipanga majani kwenye bakuli moja kubwa, lile ambalo mdogo wake hugawa kwa mkono wake, na katikati, chini ya jani la juu, akaiweka tishu. Akiifunua ataiona yeye peke yake. Atajifanya amesahau chumvi, atarudisha bakuli jikoni, na yatakwisha kati ya ndugu. Ndivyo alivyojidanganya akilibeba.

Meza ilikuwa imejaa. Mama alikuwa mahali pake, mdogo kuliko kiti. Bi Waridi aliketi karibu naye, leso mapajani, akimwambia jirani kwamba atakaporudi mjini atazikosa sana mboga hizi. Mdogo wake alisimama, akasema maneno yake ya kila siku, akainua jani la kwanza. Aliiona. Dada Mkubwa, aliyesimama nyuma yake, aliona shingo ikikakamaa. Kisha vidole vikaikunja tishu ndani ya leso ya mezani, leso ikaingia mfukoni mwa shati, na tabasamu halikusogea hata kidogo.

"Mama, fungua mdomo."

Mama alikuwa ameona. Alikaa karibu kuliko wote, na macho yake bado yana kazi. Alitazama mfuko wa shati, akamtazama mwanawe, akafungua mdomo.

Dada Mkubwa aliudaka mkono wa mdogo wake, jani likaanguka mezani.

"Msile," aliwaambia wageni. "Yametoka chooni."

Vijiko viliwekwa chini. Mdogo wake akacheka kidogo. "Dada yangu ana utani mzito, mtamzoea." Hakuna aliyecheka naye. Walikuwa wanamtazama Mama.

Mama akanyoosha mkono, akaliokota lile jani kutoka kitambaani, akalitia mdomoni mwenyewe. "Huyu tangu utotoni ni wa mzaha," alisema huku akitafuna. "Kuleni, wanangu."

Wageni wakashusha pumzi, wakacheka kwa kupona, na Bi Waridi akasogeza sahani yake apakuliwe wa kwanza. Dada Mkubwa alihisi kinyaa kikimpanda mpaka kwenye meno, na safari hii hakikuwa cha choo wala cha mdogo wake peke yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Hakuna aliyemwambia kwamba uchungu huo unaweza kunuka hivi.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati jeupe, akaitoa leso, akaikunjua juu ya sahani ya Bi Waridi. Harufu ya waridi ikapanda, na ile nyingine ikaifuata.

"Hii yako," alimwambia.

Bi Waridi aliinama kutazama. Uso ulimbadilika kidogo kidogo, kisha akainuka ghafla, kiti kikaanguka, naye akakimbilia mlangoni mkono ukiwa mdomoni. Wengine wakafuata wakisukumana, mmoja akatapikia kizingitini, na mdogo wake akawa anawaandama uani akiwaita mmoja mmoja kwa vyeo vyao.

Mezani alibaki Mama, bado anatafuna polepole, kwa sababu meno yake ni machache. Dada Mkubwa akapiga magoti, akamkingia kiganja chini ya kidevu kama anavyokingiwa mtoto.

"Mama, tema. Wameshaondoka. Tema."

Mama alitazama uani, sauti ya mwanawe ilikotokea. Akatikisa kichwa, akameza.