Hirizi ya Dieudonné

Fundi Seifu alikuwa na sheria moja tu katika kazi yake, na aliivunja kwa sababu ya umbea. Tusimpambe. Baadaye yeye mwenyewe alitafuta jina zuri zaidi, mara wasiwasi, mara dini. Lakini ulikuwa umbea, basi.

Miaka thelathini alikuwa akishona hirizi pale Buyenzi, mjini Bujumbura, barazani kwake, kati ya fundi wa pikipiki na mama muuza maandazi. Watu walimletea karatasi iliyokunjwa, naye aliifunika kwa ngozi, akashona pande zote nne kwa uzi wa nta, akatia kamba. Kilichoandikwa ndani hakikumhusu. Marehemu baba yake, aliyemrithisha kazi, alimwambia siku ya kwanza: ukisoma karatasi ya mutu, afazali uuze nyanya.

Sasa akaja Dieudonné. Huyu alikuwa Mkongomani wa Uvira, muuza vitenge, mtu wa kwaya, kanisani kila Jumapili. Alipotoa karatasi yake Alhamisi ile asubuhi, Seifu alicheka mpaka akakohoa.

"Na pasteri wako anajua?"

"Haiko dawa, Mzee Seifu. Iko siri yangu. Shona tu, nitapita alasiri."

Angeishona tu, leo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini Mkristo na hirizi wapi na wapi! Kidole kikamwasha, akaikunjua. Aliona maneno kumi na mawili yenye namba, moja mpaka kumi na mbili, si Kiarabu, si Kifaransa, si Kiswahili. Astaghfirullah! Je, kama ni maneno ya kumdhuru mtu, na mikono yake ndiyo inayoyashonea? Akaipiga picha, akaitupa kwenye grupu la WhatsApp la wana wa Buyenzi. Humo mlikuwa na watu zaidi ya mia nne, wa Bujumbura, Kigoma, Dubai na Ubelgiji, nusu yao hakuwajua hata sura. Akaandika: "Ndugu zangu, hii ni dua gani?"

Wengi walicheka. Kisha simu ikalia. Alikuwa Moubarak, mtoto wa dada yake, anayeuza simu kule Rohero, na alihema kama mtu aliyepanda ngazi mbio.

"Mjomba, futa ile picha! Sasa hivi!"

"Kwani ni uchawi?"

"Uchawi gani! Ni maneno ya pochi. Mutu akiweka dola zake kwa mtandao, anapewa maneno kumi na mbili. Mwenye maneno ndiye mwenye pesa, awe Buja, awe Uchina. Haulizwi kitambulisho, haulizwi jina. Ndio maana tunawaambia wasiyapige picha, wasiyaweke kwa simu, waandike kwa karatasi na kuficha."

Seifu akafuta. Picha ilikuwa imekaa dakika kumi.

"Imetosha?"

"Apana. Walioiona wameiona. Mwambie mwenyewe afungue pochi ingine yenye maneno mapya, ahamishe zote. Leo, Mjomba. Usingoje."

Alasiri Dieudonné alifika, na Seifu alikuwa amekwisha kushona. Maneno ya kumwambia yalikuwa tayari mdomoni, wallahi yalikuwapo. Lakini Dieudonné aliivaa hirizi shingoni, akaipigapiga kifuani kwa furaha.

"Mwaka jana waliniibia simu, nikalia. Sasa mwizi gani atagusa hirizi? Na nimeleta kwako juu kila mutu anasema, Mzee Seifu hasomi."

Utamwambiaje mtu aliyekusifu sasa hivi? Akajiambia, kesho. Kesho ikawa Ijumaa, na Ijumaa ina mambo yake. Jumamosi akajiambia kwamba wana wa Buyenzi si wezi. Kila asubuhi Dieudonné alipita akielekea sokoni, wakasalimiana, na Seifu akainamia ngozi yake haraka.

Jumanne pochi ilikutwa tupu. Ilikuwa akiba ya miaka sita ya vitenge, ya kununua kiwanja kule Gasenyi, na haikubaki hata dola moja.

Habari aliletewa na mama wa maandazi, na ikaja na mkia: Dieudonné amemtuhumu mkewe, Irène. Nani mwingine alijua kilichomo ndani ya hirizi? Nani aliachiwa hirizi mezani mumewe akioga? Tena ana kaka yake Nairobi, mtu wa kompyuta. Ameambiwa afunge mzigo arudi kwao Uvira. Seifu alisikia yote hayo na andazi mkononi, akashindwa kulila.

Jumatano asubuhi wakaja wawili. Dieudonné alitangulia, hirizi kiganjani. Irène alimfuata na begi la safari, macho makavu.

"Mzee Seifu, we ndiye fundi. Angalia mushono, useme mbele yake: ulifunguliwa ao haukufunguliwa? Anakataa. Mi nitaamini neno yako."

Seifu akavaa miwani. Mshono ulikuwa wake, kuanzia tundu la kwanza mpaka fundo la mwisho, fundo la baba yake ambalo hakuna mwingine Buyenzi anayelifunga. Hakuna aliyeugusa. Lakini angesema umefunguliwa, nani angembishia? Angebaki fundi mwaminifu, Irène angepanda gari, na mambo yangekwisha. Alilipima hilo. Alilipima kwa muda mrefu, na hiyo ndiyo aibu aliyoikumbuka zaidi.

"Sema tu, Mzee," Irène akasema. "Mi siogopi."

"Haukufunguliwa," Seifu akasema. "Mushono ni wangu."

Dieudonné akakunja uso. "Haukufunguliwa? Basi nani aliona?"

"Mi."

Akaeleza yote: karatasi, picha, grupu, simu ya Moubarak. Alitamani sana kuziruka zile siku tano, lakini akazisema nazo, moja moja.

Dieudonné aliketi kwenye benchi. Hakupiga kelele. Seifu alitamani kofi, hata mawili.

"Siku tano," Dieudonné akasema polepole. "Na kila asubuhi ulinisalimia."

Dieudonné akainuka, akamgeukia mkewe, akanyoosha mkono kuchukua begi.

"Mama Patricia, twende nyumbani."

Irène hakuliachia.

"Jana niliapa kwa jina ya mutoto wetu, ukakataa. Leo umeamini uzi."

Akaliweka begi begani, akaondoka kuelekea kwenye magari ya Uvira. Mumewe akamfuata akimwita, mara kwa jina, mara mama Patricia, na fundi wa pikipiki akaacha kazi kuwatazama. Irène hakugeuka. Hirizi ilibaki kwenye benchi.

Saa nne akaja Mwanne, mteja wake wa siku nyingi, na karatasi iliyokunjwa vizuri kwa ajili ya mjukuu wake mgonjwa. Akamnyooshea kama kawaida, bila hata kuangalia. Seifu akarudisha mikono yake nyuma.

"Peleka kwa mwingine, dada," akasema. "Mi nasoma."