Arobaini ya Kinyonga

Haya, jibu hili: nguo anazo za kila rangi na hajawahi kumpelekea fundi hata moja, siku ukimfunika kwa huruma, ndiyo siku anapougua kifua. Nani huyo? Ukishindwa, toa mji. Ila usitoe Boko, maana Boko ina kesi yake humu ndani.

Bi Wahiba wa Temeke aliuza udi na ubani katika kiduka cha mbele ya nyumba yake, lakini watu hawakumjulia udi. Walimjulia arobaini. Mwanamke akijifungua na hana mama wa kumlea, aliletwa kwa Bi Wahiba akae siku zake arobaini katika chumba cha ndani: dirisha limefungwa, mapazia mawili, maji ya moto ya kumkanda mzazi, chetezo asubuhi na jioni, na mtoto kavikwa kofia, soksi na sweta hata kama mbuzi wa mtaani wanahema kwa joto. Watoto arobaini na watatu walipita mikononi mwake, na hakuna, alisema, aliyeugua kifua. Waliokohoa walikohoa baada ya kutoka.

Sasa mjukuu wake Rumaisa, aliyemlea mwenyewe tangu mama yake afariki, alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi sita. Mama mkwe wake, wa Boko, alikwishatengeneza chumba chenye kiyoyozi na kumweka nesi kabisa. Bi Wahiba alijikaza siku nyingi, hata jioni moja akamwuliza mjukuu: "Arobaini yako utakalia wapi?" Rumaisa akasema atamjibu. Mwezi ukapita, jibu halikuja, na bibi hakuwa na uso wa kuuliza mara ya pili.

Kilichokuja ni kinyonga.

Rumaisa alikuwa mwalimu wa sayansi, na huyo kinyonga alimfuga kwa ajili ya wanafunzi wake. Shule zilipofungwa mwezi wa sita, mumewe Hashil, anayeshughulikia mizigo ya bandari kule Kurasini, alipata ruhusa, wakaamua kwenda Tabora kwa ndugu zake wiki tatu. Kinyonga abaki na nani? Mama mkwe wa Boko alikataa Rumaisa akiwa bado getini. Alisema mja mzito na kinyonga hawakai chini ya bati moja, mtoto atazaliwa hajulikani rangi.

Na kusema kweli Bi Wahiba alimwogopa kinyonga kuliko nyoka. Nyoka, alikuwa akisema, akikutazama anakutazama wewe; huyu jicho moja linakutazama wewe, la pili linatazama kaburi lako. Lakini aliposikia kwamba Boko wamekataa, akajisikia anasema mlete, mlete mwanangu, hapa hakuna kiumbe aliyewahi kufukuzwa.

Rumaisa akamleta ndani ya tundu la wavu lenye mti wake na majani yake, na karatasi aliyoandika kwa mkono wa kimwalimu. Tundu likae barazani, upepo upite. Jua la asubuhi alipate, na kivuli cha kukimbilia. Apuliziwe maji asubuhi, na tena alasiri, majani yakauke kabla hajalala; asishinde na kukesha katika unyevu. Moshi wa aina yoyote, hapana. Bi Wahiba alisoma mpaka darasa la saba, na karatasi aliisoma yote. Aliisoma kama mpishi wa miaka hamsini anavyosoma maelezo ya pakiti ya chumvi.

Asubuhi ya pili, kipupwe kilikuwa kimeshika na upepo wa kusi unapiga barazani, akamwona mgeni wake akitembea juu ya kijiti. Anakwenda mbele, anarudi nyuma, anakwenda mbele. Kila kinyonga ndivyo anavyotembea, lakini Bi Wahiba maisha yake yote alipokutana na kinyonga alikuwa wa kwanza kuondoka, hivyo mwendo wake hakuwahi kuuona hadi mwisho. Alichoona yeye ni kiumbe mwembamba, hana nguo, anatetemeka kwa baridi. Moyo ukaingiwa na huruma, na hofu yote ikatoka.

Akamwingiza chumba cha ndani. Wavu akauzungushia nailoni ili upepo usipite, juu akatandika kanga ya doti, chini akaweka chupa ya maji ya moto. Midomo yake aliiona imekauka, basi akampulizia maji ya uvuguvugu kila baada ya sala, mara tano kwa siku. Udi asubuhi na jioni. Usiku, kwa sababu ya mbu, ile dawa ya kuchoma ya mviringo. Kinyonga akawa kaingia arobaini, pungufu ya mtoto tu.

Vaileth, mpangaji wa chumba cha uani, mama wa kutoka Mbeya anayeuza mitumba, hakuthubutu kuvuka kizingiti. Kila akipita alisimama mbali na kuuliza, "Mzazi kaamkaje?" Bi Wahiba alijibu kwa utulivu kwamba mzazi kaamka salama, kala panzi wawili.

Siku ya saba mzazi akaanza kukaa mdomo wazi. Bi Wahiba akajua ni njaa, akamwongezea panzi. Panzi wakatembea juu yake hakuwagusa. Siku ya tisa akawa ananyanyua kichwa na kutazama dari, muda mrefu, na hili lilimgusa bibi sana. Alimwambia Vaileth kuwa mnyama huyu watu wamemsingizia bure, mbona anajua kuomba dua. Siku ya kumi na moja dua ikawa ya macho yaliyofumba, mchana kweupe, na puani pakatoka kipovu kidogo kama cha sabuni. Rangi zake zote zilikuwa zimekwisha. Imebaki ya mkaa.

Vaileth safari hii alisogea mpaka mlangoni, akachungulia.

"Bi Wahiba," alisema, "mie simpendi huyo mdudu, lakini huyo haombi. Huyo anakata roho."

Ndipo alipoitwa Brightson, bwana mifugo wa mtaani, kijana mwenye heshima, anayejulikana kwa kuku wa mayai na ng'ombe wawili wa hajati mmoja jirani. Alisalimia shikamoo, akaingia chumba cha ndani, na kabla hajafunua kanga alikohoa mpaka akatoka nje. Akaingia tena, akakohoa tena. Mara ya tatu aliomba dirisha lifunguliwe, na Bi Wahiba akamwambia dirisha hilo halijafunguliwa miaka ishirini, kuna watu wanaolelewa humu.

"Bibi, umeniona mie nilivyokohoa?" Brightson akamwuliza. "Huyu hawezi. Hakuumbiwa. Mie makohozi nitayatoa, yeye yanamkalia kifuani mpaka yamzamishe. Anachotazama juu ni pumzi."

Bi Wahiba akaivuta kanga kutoka juu ya tundu.

Brightson alikiri kwamba yeye ni daktari wa kuku, akampigia mwalimu wake wa chuoni, wakazungumza kirefu. Kisha akaeleza. Hapa kwetu pwani, alisema, hewa yenyewe tayari ina maji. Mnyama huyu anaweza kulowa, mvua ipo na yeye yupo, lakini lazima akauke, na kinachomkausha ni jua na upepo. Ukimpa maji ukamnyima upepo, umeotesha ukungu katika mapafu. Ukiongeza na moshi, usiseme. Akamdunga sindano nyembamba kama mwiba wa limau, akasema atarudi kila baada ya siku tatu, na kwamba hana ahadi. Nailoni akaivua mwenyewe. Tundu likarudi barazani kwenye kusi, pale pale karatasi iliposema.

Rumaisa alikuwa anarudi Jumamosi ya wiki iliyofuata. Bi Wahiba hakuhitaji kufundishwa hesabu hiyo. Mwanamke aliyeshindwa kumlea kinyonga atakabidhiwa mtoto wa nani? Alikaa barazani mchana kutwa na kanga mabegani, akitetemeka yeye sasa, na mgonjwa akiwa hana nguo, anaota jua.

Vaileth, kwa wema, alileta shauri. Kwenye michongoma ya nyuma ya madrasa wapo vinyonga, hata huwa anazunguka njia kwa kuwaogopa. Huyu akifa achukuliwe mwingine, ishu imekwisha. "Nani atamjua? Mwenyewe kila saa ana sura nyingine."

Alasiri ile Bi Wahiba alikwenda mpaka kwenye michongoma. Alimkuta mmoja, wa kijani kabisa, mnene, kakaa kwenye upepo bila sweta wala udi, hakuna bibi aliyemlea. Wakatazamana, kwa jicho moja. Akarudi nyumbani mikono mitupu. Akaingia chumba cha ndani, akapanda kiti, akalisukuma lile dirisha mpaka kutu ikakubali.

Jumamosi Rumaisa alifika na tumbo lake na asali ya Tabora. Kinyonga alikuwa hai. Kakonda, upande mmoja bado mweusi, lakini macho wazi, na asubuhi ile alikuwa amevuta panzi mmoja kwa ulimi wake mwenyewe. Mtu asiyejua angesema safari ya mwenye mali imemtia huzuni, na Vaileth, aliyesimama karibu na mlango wa uani, alikuwa tayari kusema hivyo hivyo.

"Nilimwingiza arobaini," Bi Wahiba akasema, kabla hata hajamkaribisha kiti. "Karatasi yako niliisoma nikaona naijua. Nilimfungia, nikamfukizia, nikamnywesha unyevu siku kumi na moja. Aliyemponya ni Brightson na upepo. Mimi nilikuwa namwua."

Rumaisa aliinama kwenye tundu. Akamkagua kinyonga, akainuka, akaingia ndani. Bibi alimsikia akitembea chumba cha ndani, polepole, kama mtu anayepima. Mapazia yalikuwa yamefungwa fundo pembeni. Chetezo hakikuwapo, kilikuwa kimehamia dukani, kwa wateja. Sauti za watoto wa mtaani zilikuwa zinaingia dirishani.

Alipotoka akakaa chini mkekani, akanyoosha miguu iliyovimba kwa safari, akaegemea magoti ya bibi yake.

"Boko tangu niolewe," alisema, "sijasikia mtu akisema amekosea."

Bi Wahiba hakuthubutu kuuliza. Alianza kumkanda mafundo ya mabega, kama alivyozoea. Kinyonga juu ya kijiti chake alikwenda mbele, akarudi nyuma, akaenda mbele.

"Arobaini yangu nakalia hapa, bibi," Rumaisa akasema. "Kitanda kiweke chini ya dirisha."