Muhuri wa Tokiwa

"Andika, Tokiwa," alisema Kabasawa, mkuu wa idara, na Tokiwa Chinatsu akaandika. Umri wake miaka arobaini na mmoja, mifuniko kumi na mmoja ya chemba za maji taka ameichorea kiwanda hiki cha kusubu chuma hapa Kawaguchi, Japani, na bado ndiye anayekaa mwisho wa meza kuchukua muhtasari wa kikao huku wanaume wakinywa chai! Alikuwa amechomoa kibodi ya kishikwambi chake na kuiweka kando. Muhtasari aliuandika kwa mkono, moja kwa moja juu ya kioo, kwa kalamu ile ile anayochorea.

Ukutani walikuwa wamemulika mchoro wa mfuniko wa kumi na mbili. Samaki aina ya mkunga, mnene, amejiviringisha ndani ya duara, mkia unagusa kidevu, na pande zote mawimbi madogo madogo yameinuka ili kiatu kikanyage bila kuteleza.

Mchoro huo ulikuwa wa Tokiwa. Jumamosi tatu mfululizo alipanda treni kwenda mji alikozaliwa, akachuchumaa barabarani na kishikwambi magotini, akachora, na pembeni akaandika: hapa maji hutuama, hapa bibi mwenye kigari cha mboga ameteleza mbele yangu, mawimbi yaongezwe. Wapita njia walimzunguka kama wanavyozunguka dimbwi. Mama yake, anayeishi mtaa wa pili, alimletea mwavuli, kisha akaenda kuwatangazia majirani wote kwamba mfuniko mpya wa mji wao unachorwa na binti yake.

"Huyu mkunga," Kabasawa alimwambia mgeni, "alinijia asubuhi moja nikiwa naoga. Nilichora hapo hapo, sikuinuka mpaka nikamaliza."

"Ndani ya maji, Mkuu?" aliuliza Inui, fundi wa kalibu za kumiminia chuma.

"Baada ya maji, Inui! Usinichekeshe mbele ya mgeni."

Mgeni, Bi Shiomi wa idara ya maji taka ya mji ule, alitabasamu kwa adabu na kuutazama tena mchoro.

Kalamu ya Tokiwa ilikwama. Wiki iliyopita alimtumia Kabasawa faili alipitie, nalo likarudi maandishi yote ya pembeni yamefutwa, amebaki mkunga peke yake. Alidhani amesafisha tu, mgeni aone vizuri. Alidhani! Alijiona mjinga wa kutupwa. Kumbe mtu alikuwa anafuta nyayo za Tokiwa, tena bila haraka, na yeye anamshukuru.

"Andika na hilo la kuoga, Tokiwa. Watu wanapenda visa kama hivyo."

Akaandika. Hapo ndipo palipomchoma kuliko kuibiwa kwenyewe, kwamba mwizi hakutaka hata kujisumbua kuandika uongo wake. Alimwachia mwenye mali auandike, kwa hati yake nzuri inayosifiwa kiwanda kizima. Mstari wa nne: *Mchoraji: Kabasawa Tetsuro.* Alikandamiza kalamu mpaka wino wa kwenye kioo ukatoka mnene kama lami. Muhtasari huo ungepigwa mihuri na kwenda na Bi Shiomi, na jina lililo kwenye mstari wa nne ndilo lingeandikwa katika rejista ya mji. Baada ya hapo angelalamika kwa nani? Na mama yake angewaambia nini majirani?

"Haya, mihuri," alisema Kabasawa. Kwa kawaida mkubwa humalizia, lakini leo alijawa na furaha, akakivuta kishikwambi cha Tokiwa na kugonga wake kwanza, kwenye kisanduku cha kushoto.

Kiwandani humu muhuri wa mdogo hausimami wima kando ya muhuri wa mkubwa. Unaulaza kidogo upande wa kushoto, jina lako lionekane linainama mbele ya jina lake. Vilipokuja vishikwambi, watu walidhani upuuzi huo umekwisha pamoja na wino. Wapi! Kabasawa aliwaandikia barua waliotengeneza programu, tena barua tatu, hadi wakaongeza kitu: unaushika muhuri kwa ncha ya kalamu na kuuzungusha upendavyo.

Inui aliulaza wake bila kuangalia, akasukuma kishikwambi mwisho wa meza.

Tokiwa aliugusa muhuri wake. Ukalala kidogo kushoto, kama ulivyolala miaka yote.

"Inamisha zaidi, bibie," Kabasawa alisema akicheka. "Mgeni asije akadhani hatuna adabu hapa."

Damu ilimpanda kichwani. Aliushika muhuri na kuuzungusha. Ukasimama wima, ukapita wima, ukalalia kulia, akaendelea kuzungusha mpaka jina lake likawa kichwa chini miguu juu. Kila aliyewahi kufanya kazi na makaratasi katika nchi hii anajua maana yake: nimeisoma, na ninaikataa. Wanajua wote, lakini kiwandani humu hakuna aliyewahi kuthubutu. Akabonyeza kuthibitisha.

"Umekosea hapo," alisema Kabasawa. "Geuza."

"Sijakosea, Mkuu."

"Kalamu imemteleza, Bi Shiomi, utuwie radhi. Tokiwa, nimesema geuza!"

"Sigeuzi."

Inui aliinamia kikombe chake kama aliyeona mdudu ndani. Bi Shiomi alinyoosha mkono, akakivuta kishikwambi mbele yake, akavaa miwani. Aliutazama muhuri ule uliopinduka kwa muda mrefu, kisha akasoma muhtasari kuanzia juu, mstari kwa mstari, huku Kabasawa akieleza habari za uchovu, habari za kazi nyingi, habari za wanawake wa umri fulani.

"Umekataa nini hapa, dada?" Bi Shiomi aliuliza.

"Mstari wa nne." Tokiwa aliuelekezea ncha ya kalamu. "Nimeuandika kwa mkono wangu mwenyewe, na ni uongo mtupu."

"Wewe Tokiwa!"

"Ngoja kwanza, bwana," Bi Shiomi alimwambia Kabasawa, bila kumgeukia. "Mji wangu unataka jina. Huyu mkunga amechorwa na nani?"

"Mimi," alisema Tokiwa.