Gari Tuliloliita Kabati

Siku ya pili ya Idi, kandambili ya mama yetu ilianguka barabarani kupitia sakafu ya gari.

Tulikuwa tunatoka kumsalimia shangazi kule Suliki. Mimi nilikuwa naendesha, kaka yangu Afrizal kakaa mbele kando yangu, na mdogo wetu Zul yuko nyuma pamoja na Amak, mama yetu, na sufuria la rendang, nyama iliyokaushwa kwa tui la nazi na viungo, tulilofungashiwa.

"Elfi, simama," Amak alisema kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi mezani. "Kiatu changu kimebaki kule."

Zul akashuka kukifuata. Nilipofunua zulia la nyuma nikaona lami, safi kabisa, kwenye tundu pana kama sahani. Afrizal aliinama akachungulia, kisha akacheka, lakini kicheko chake kilikatika upesi. Tulifika nyumbani Payakumbuh huku Amak amekunja miguu juu ya kiti kama mtu aliye kwenye mtumbwi.

Apak, baba yetu, alilinunua gari lile mwaka nilioanza darasa la kwanza. Kabla ya hapo alikuwa akipeleka vitambaa vyake minadani juu ya malori ya watu, jua lake, mvua yake. Siku alipolileta, la buluu, la mraba, pembe nne kamili, majirani walikuja kuligusa kama wanavyogusa mtoto mchanga. Zul, aliyekuwa hajui hata kufunga vifungo vya shati, aliliangalia akasema, "Kabati!" Jina likaganda.

Kabati lilibeba vitambaa siku za mnada na maharusi siku za harusi. Sidhani kama kuna bibi harusi wa mtaa wetu wa miaka ile ambaye hakupanda, amebanwa na mashangazi watano, taji la dhahabu linagonga dari. Kwenye zile kona tisa za kupanda njia ya Pekanbaru, Apak alikuwa anasimama katikati ya mlima kulinywesha maji, anafungua boneti huku analibembeleza: "Pumzika, bibie, hatufukuzwi na mtu." Sisi tulishuka tukachezea mawe kandokando ya barabara. Harufu ya petroli na vitambaa vipya, mpaka leo nikiisikia popote, nina miaka tisa.

Afrizal alipoondoka kwenda kutafuta maisha Jakarta, kama wavulana wetu wanavyoondoka, na kama Zul alivyoondoka baadaye, Apak alilifuata basi lake kwa Kabati mpaka nje ya mji akipiga honi. Alirudi macho mekundu, akasema ni vumbi.

Apak alifariki miaka sita iliyopita. Kwa mila zetu nyumba ni ya binti, na binti ni mimi peke yangu. Basi pamoja na nyumba nikarithi ufunguo wa gari.

Siku ya tatu ya Idi tukalipeleka kwa fundi Marjohan, ambaye amelala chini ya gari lile saa nyingi kuliko alizolala kitandani kwake. Tulimkuta bado na kanzu ya sikukuu. Aliivua, akaingia chini na bisibisi, akaidunga kwenye chasisi. Ikazama kama kwenye keki.

"Injini nzima," alisema akitoka, anajipangusa. "Injini hii itatuzika sote. Lakini mwili umekwisha. Nikichomelea hapa, patatoboka pale. Ni kama kushona nguo iliyooza, marehemu mwenyewe angewaambia."

"Fundi, inawezekana au haiwezekani?" Afrizal akauliza.

"Mbona kila kitu kinawezekana! Nipe miezi mitatu. Nitang'oa sakafu yote, nitafute chasisi ya gari jingine, milango nayo nibadilishe. Ila nikishamaliza, Afrizal, usiniulize kama hili ndilo gari la baba yako."

"Tengeneza."

"Tengeneza," Zul naye akaitikia.

Hapo nikashindwa kujizuia. "Nani ataliendesha?"

"Wewe si ndiye unayeliendesha?" Zul akauliza.

"Ndiyo! Mimi! Mwezi wa kwanza lilinizimikia darajani mvua inanyesha, nikalisukuma na wanafunzi wangu, mwalimu mzima, sketi imelowa mpaka kiunoni. Nyinyi mnakuja Idi hadi Idi, mnalikuta nimeliosha, mnapiga picha mbili tatu, mnaondoka."

"Kumbe hulipendi," Afrizal alisema.

Laiti angenipiga kofi. Mimi ndiye niliyejifunza kuendesha ndani yake, Apak kakaa kando yangu, mguu wake unakanyaga breki ambayo upande wake haipo. Mimi ndiye niliyempeleka nalo hospitali mara ya mwisho, naye kaegemeza kichwa dirishani, ananiambia kwa sauti ndogo, "Gia ya pili, mwanangu. Usilichoshe." Tulirudi nyumbani kila mtu anaangalia dirisha lake.

Amak alikuwa jikoni anakata vipande vya wali mtamu wa kuokwa kwenye mianzi. Tukamzunguka, kila mmoja na shauri lake, kama watoto wanaogombea paja la kuku. Afrizal alisema gari ndilo kumbukumbu ya Apak. Zul akasema atatuma fedha kila mwezi. Mimi nikasema kumbukumbu haisukumwi mvuani. Tukapandisha sauti.

"Mmemaliza?" Amak akauliza, kisu bado mkononi.

Tukamgeukia.

"Mimi gari lile linanitapisha."

"Amak, ile ni sakafu tu, moshi unaingia kwa..."

"Tangu siku ya kwanza, Afrizal. Tangu lilipokuwa jipya." Alifuta kisu kwa jani la mgomba. "Harufu ile inanigeuza tumbo. Kila safari nakaa nyuma, nafumba macho, naweka ganda la chungwa puani ndani ya ushungi. Mnadhani nilikuwa nasali?"

Na kweli, sote tulidhani alikuwa anasali. Apak mwenyewe alikuwa akituambia, "Shh, mama yenu anatuombea njia."

"Sasa kwa nini hukumwambia?" Zul akauliza.

"Nimwambie nini? Kila tukifika mwisho wa kona tisa anageuka na lile tabasamu lake, 'Yus, umeona raha?' Mtu aliyekaa miaka kumi juu ya malori. Ungekuwa wewe ungemwambia nini? Nikasema raha. Nikasema raha miaka yote." Akacheka. "Mwongo mkubwa mimi. Mungu anisamehe."

Zul ndiye aliyeanza kucheka, nami nikafuata, tukacheka mpaka tukashika meza. Afrizal hakucheka. Alikaa chini sakafuni karibu na miguu ya Amak, kichwa chenye mvi, akalia waziwazi kilio ambacho hakukilia siku ya maziko, kwa sababu siku ile alichelewa ndege akafika kaburi limeshafukiwa. Amak akamwekea mkono kichwani.

"Mlilie baba yako," akamwambia. "Gari liache liende."

Kesho yake asubuhi ndugu zangu walilipandisha Kabati kona tisa, wawili peke yao. Sikuuliza walizungumza nini. Waliporudi Afrizal alinikabidhi ufunguo kwa mikono miwili, akasema, "Nisamehe, dada." Nikampa mkono, maana bado ilikuwa Idi, siku za kusameheana, na baadaye nikamkumbatia. Jioni Marjohan akalichukua. Injini alisema haiuzi. Itapata mwili mwingine.

Miezi miwili baadaye tulipata gari dogo jeupe, lililotumika kidogo, linalonguruma kama paka aliyeshiba. Siku za mwanzo nilikuwa nalipanda bila furaha. Mkono wangu ulikuwa ukienda wenyewe kutafuta gia mahali isipokuwapo, na nilipopiga honi haikuwa sauti ya mtu yeyote niliyemjua.

Jumapili moja Amak akaniambia nimpeleke Harau, huko kwenye majabali, kumwona rafiki yake. Alikaa mbele. Tulipoingia bondeni, kuta za mawe zikapanda pande zote mbili na maji yanateremka kwa mbali, alishika dashibodi.

"Elfi. Haya yote yalikuwapo siku zote?"

"Yalikuwapo, Amak."

"Na baba yako alikuwa ananionyesha?"

"Kila mara. Alikuwa anapunguza mwendo kabisa."

Nikashusha hadi gia ya pili, nikaenda polepole, kioo kimeshushwa, naye akawa anatazama juu bila kupepesa. Mbele kidogo palikuwa na mama anachoma mahindi. Amak akaniashiria nisimame. Akala mawili.