Hongera Iliyoteleza

Wenzake walimwita Kasuku, na hakuna aliyewahi kusema kwamba jina hilo limekosewa. Alikuwa mwaka wa pili wa masomo ya ukunga, na mdomo wake haukujua likizo. Akina mama wodini walimpenda kwa hilo. Uchungu ukipamba moto, yeye huwachekesha. Mtoto akitoka, yeye ndiye wa kwanza kutoa hongera, kabla hata kitovu hakijabanwa.

Somo la wiki ile ndilo lililomshinda. Mwalimu wao, ambaye kisirisiri walimwita Bi Nyamaza, alikuwa akiwafundisha namna ya kukaa na familia iliyofiwa na mtoto tumboni au mara tu baada ya kuzaliwa. Alijilaza kitandani akajifanya mama, mwanasesere wa mpira kifuani, na kila mwanafunzi akaja na pole yake. Kasuku alimwambia atapata mwingine, kisha akaongeza kwamba bado ni kijana, ilhali mwalimu mwenyewe ana mvi hadi kwenye nyusi. Darasa zima likavunjika mbavu. Bi Nyamaza hakucheka. Alisema pole moja inatosha, kisha mtu avute kiti, akae.

Siku mbili baadaye mwalimu alimchagua yeye, kati ya wote, aingie naye kwa mama ambaye mapigo ya moyo wa mtoto wake hayakusikika tangu jana yake. Ilikuwa mimba ya kwanza. Mume alisimama dirishani, amewapa watu mgongo. Kasuku aliapa moyoni kuuma ulimi. Saa nne asubuhi mtoto akatoka, wa kike, kimya, na mikono ya Kasuku ikampokea kama ilivyowapokea wengine ishirini na sita. Mdomo nao ukafanya kazi uliyoizoea.

"Hongera, mama."

Kasuku alitamani ardhi ipasuke immeze. Akamkabidhi mwalimu mtoto, na kazi ilipomalizika akakimbilia stoo ya mashuka, akavua aproni, akalia kwa kwikwi. Mwalimu alipomfuata, Kasuku akamwambia anaacha masomo leo hii, maana mtu kama yeye hafai kusogezwa karibu na mfiwa.

Bi Nyamaza aliketi juu ya furushi la mashuka. Alimsimulia kwamba enzi zao walifundishwa kumfunika mtoto haraka na kumtoa kwa mlango wa nyuma, mama asimwone, wakadhani ndiyo huruma. Hadi leo baadhi ya wanawake wale hukutana naye njiani na kumuuliza mtoto alifanana na nani. Naye hawezi kuwaambia, kwa sababu watoto wale hakuwatazama.

"Umekosea, sikudanganyi," alisema. "Lakini ukitoroka, yule mama atabaki na kosa lako peke yake. Nenda ukae naye."

Kasuku alirudi kwa mama, akavuta kiti.

"Mama, nimekosea. Nisamehe," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaishiwa maneno.

Mama aligeuza uso kumtazama.

"Tangu jana watu wote wananiambia pole," alisema. "Hakuna aliyesema nimezaa. Na mimi nimezaa."

Kisha akauliza mtoto ana kilo ngapi. Swali hilo Kasuku alilijua. Alitandika kitambaa kwenye mzani kama kawaida, akamchukua mtoto kitandani alikolazwa, akampima: kilo mbili na gramu mia tisa. Akamwosha taratibu, akimsimulia mama anachokiona: nywele tele, na kidole cha pili cha mguu kimekipita kidole gumba. Mama akacheka huku machozi yakimtiririka. Alisema huo ni mguu wa baba yake mtoto, ukoo wao mzima hauna kiatu kinachowatosha.

Hapo ndipo mume alipogeuka. Alipiga hatua mbili, akasimama.

"Sijawahi kubeba mtoto mchanga," alisema. "Sijui anashikwaje."

Kasuku akamwonyesha kama anavyomwonyesha baba yeyote: kiganja chini ya shingo, kiwiko kibanwe ubavuni. Kisha akamlaza mtoto kwenye mikono ile mikubwa.

"Kichwa ndicho cha kuangalia, baba," alisema. "Ndiyo hivyo. Umemshika vizuri mwanao."