Taa ya Bonga

Kazi yangu ni kuangalia taa. Mtambo wetu wa intaneti wa hapa Babati mjini na ule wa Bonga husalimiana kila sekunde. Mmoja usipoitikiwa, taa ya Bonga kwenye kompyuta inakuwa nyekundu, nami namwita fundi Aminiel.

Wiki ile, kila jua likifika utosini, nyekundu. Aminiel anapanda pikipiki, anafika, mtambo unawaka vizuri tu. Wateja wakalalamika hadi bosi akamwambia, "Bonga ikikatika tena, urudishe funguo."

Kesho yake mchana ikakatika. Pikipiki nayo ilikuwa na pancha.

"Brigita, twende wote," akasema. "Ukaone ninavyofukuzwa."

Bajaji ikatushusha barabarani, tukatembea hadi kwa Mama Scholastica. Mtambo tumeuweka sebuleni kwake. Tulimkuta amekaa karibu nao, umezimwa, umefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ee! Leo mbona kimya? Pikipiki yako huwa naisikia tangu kona ile, nakiwasha hiki kisanduku upesi. Mgeni hawezi kukikuta kimelala."

Aminiel akakaa chini kwenye mkeka. "Mama, unakizima wewe?"

"Sasa kifanye kazi tangu alfajiri bila kupumzika? Hata ng'ombe wa kulima mchana tunawafungua. Kishike uone kilivyo na moto!"

Nilikishika. Kweli, kilikuwa cha moto.

"Ni hiki kitambaa, mama," Aminiel akasema polepole. "Kisanduku kinakosa hewa. Hiki hakichoki, kinasalimiana tu na cha mjini, lakini kikizimwa Bonga yote inakosa mtandao, na mimi nakosa kazi."

Mama akashika mdomo. "Jamani, mwanangu! Kumbe nakuua mimi?" Kisha akakitazama kile kisanduku. "Lakini kikae uchi mbele ya wageni?"

Nikakunja kitambaa, nikakitandika chini ya kisanduku, maua yakaning'inia mbele. Akaridhika. Aminiel akakiwasha, akampigia bosi palepale, wakaongea mpaka bosi akacheka.

Siku iliyofuata mchana sikutoa macho kwenye taa. Kijani. Simu ikaita.

"Mwanangu, bado kinasalimia?"

"Kinasalimia, mama."

"Na yule kijana?"

Nikageuka. Aminiel alikuwa anakula makande, funguo ziko mezani kwake.

"Yupo, mama. Anakula."

"Haya. Yeye basi apumzike kidogo."